Kijembe cha Mpini wa Pembe

Zamani zetu mwanamke wa kazi alijulikana kwa kibindo chake. Ukikutana naye njiani, pindo la kanga limetuna kiunoni, ulijua mna tambuu, mna ufunguo, na ikiwa ni msukaji wa mikeka, mna kijembe cha kukunja. Siku hizi nawaona wajukuu zangu wakitafuta kisu nyumba nzima, mara jikoni, mara uani, mara kwa jirani, na embe limewalainikia mkononi. Mimi sijatafuta kisu miaka mingi. Kiko hapa kiunoni.

Ukikitazama hutakitamani. Mpini ni wa pembe, umeng'ara kwa jasho la mikono, na bapa lake limeliwa na kinoo hata limebaki jembamba kama jani la mpunga. Hakifai kuuzwa wala kuibiwa. Nilikinunua mwenyewe, nikampa shoga yangu, na alipofariki, mpwa wake akanirudishia. Katikati ya kukinunua kwangu na kupokewa kwake kilinipotezea miaka tisa ya shoga yangu huyo, na kwa kuwa kila mtu ananiuliza kwa nini sikitupi, nitaeleza.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu Unguja kisu kidogo cha kukunja tulikiita kijembe. Na maneno ya kumchoma mtu kwa mafumbo, yale ambayo mwanamke huyasema huku anamtazama paka lakini anamkusudia jirani, nayo ni kijembe. Neno moja, mambo mawili, na yote mawili yanakata. Tulizaliwa tukalikuta hivyo, na hakuna aliyetuonya.

Shoga yangu alikuwa mtu wa Tumbatu aliyeolewa Ng'ambo, upande wa pili wa daraja, amenizidi miaka kumi na ushei. Mimi nilikuwa nikikaa Mjini, mtaa wa Malindi, katika nyumba ya mawe ya marehemu baba ambayo mvua ikinyesha tulihamisha vitanda. Babu yangu alitoka Arabuni, baba yangu alikuwa na mikarafuu na minazi upande wa Kiembe Samaki, na mimi nilibaki na sifa ya shamba bila shamba. Nikasuka mikeka. Shangazi yangu hakunisamehe mpaka anaingia kaburini. "Mtoto wa mwenye shamba," akisema, "anakaa chini na Watumbatu kuchana ukindu." Nami nikimjibu kuwa ukindu haumuulizi mtu nasaba. Nilikuwa mkali wa ulimi tangu utotoni, na mtaa mzima ulijua. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha pabaya.

Asubuhi, jua halijawa kali, shoga yangu alivuka daraja na mtita wa ukindu kichwani. Nduguze wa kaskazini walimpelekea ukindu mzuri kuliko wa mtu yeyote mjini, mchanga, mweupe, usio na madoa. Tulikaa ukumbini chini, penye ubaridi, tukatandika gunia, tukaanza kuchana. Kila jani la ukindu hupasuliwa kwa urefu, ukatoa chane zilizo sawasawa, upana wa uzi wa kofia au wa kidole kidogo, kwa kadiri ya mkeka unaoutaka. Chane zikiwa mbaya, hakuna msukaji atakayeukoa mkeka. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha pia kunyamaza wakati wa kuhesabu mishipa ya ukili, ule utepe wa chane unaoshonwa ukawa mkeka, jambo ambalo lilikuwa limemshinda mama yangu.

Sikuwa na dada. Mume wangu, aliyekuwa akipima karafuu forodhani, alikuwa mtu mwema wa maneno machache, na ukikaa na mtu wa maneno machache utamhitaji mtu mwingine wa kumwambia mambo. Mambo yangu yote yalikuwa kwa shoga yangu, na yake kwangu. Nilipoharibu mimba mbili mfululizo, yeye ndiye aliyekaa nami, hakusema subiri wala hakusema Mungu atakupa, alisuka tu karibu na kitanda changu mpaka nikaomba mwenyewe chane na mimi nisuke. Mtu wa namna hiyo hapatikani mara mbili, na nilijua hata wakati ule.

Alikuwa na kijembe ambacho kaka yake baharia alimletea kutoka Adeni. Kilikuwa na ncha kali ya kuanzia jani, na makali yaliyokwenda moja kwa moja bila kuyumba. Nilipokihitaji alikikunja, akakiweka juu ya gunia, mimi nikakiokota. Hatukupeana kisu mkononi. Kisu, sindano na pilipili havipewi mtu mkono kwa mkono, hukata udugu. Hata mtoto mdogo wa Unguja analijua hilo kabla hajaijua alifu.

Siku moja alikwenda uani kutia udhu, nami nikataka kufungua kopo la rangi nyekundu. Mfuniko ulikuwa umeganda. Kijembe chake kilikuwa pale juu ya gunia. Nikakitia ncha chini ya mfuniko, nikabinya. Ikasikika kama mtu amevunja ukucha, na ncha ikabaki ndani ya kopo.

Kisu si patasi. Naandika hivyo kila mtu asome, na wajukuu zangu kwanza. Anayebandulia kopo kwa kisu hastahili kuwa na kisu wala kopo.

Aliporudi nikamwonyesha. Alikiokota, akapitisha kidole gumba mahali ambapo ncha ilikuwa, mara moja, halafu mara ya pili.

"Basi, shoga," akasema. "Chuma tu hicho."

Akaendelea kuchana kwa kisu kibutu. Kisu kisicho na ncha hakilipasui jani, hulirarua. Nilimwona akitupa kila chane ya tatu, yeye ambaye hakuwa akitupa kitu, na hakulalamika hata kwa kukohoa. Ningefurahi lau angenitukana. Usiku ule nilimwambia mume wangu kuwa nataka kijembe, na nataka kwenda kukichagua mwenyewe, ingawa nilikuwa na mimba ya miezi minane na ilikuwa aibu mwanamke katika hali ile kuonekana madukani.

"N'takununulia miye," akasema.

"Utaninunulia kinachong'ara."

Hakubisha, kwa kuwa ni kweli.

Duka lilikuwa la Muhindi mmoja kwenye kichochoro cha kuelekea Mkunazini, aliyeuza misumari, kufuli, bawaba, sindano na visu. Nilijifunika gubigubi, mume wangu akatangulia hatua mbili. Mwenye duka akamkaribisha mume wangu, akamtandikia visu juu ya kitambaa cheusi, akaanza kumsifia. Mume wangu akanyoosha kidole kunionyesha mimi. Muhindi akageuka polepole, kama mtu aliyeambiwa kuwa mnunuzi ni paka.

Kisu cha kwanza alichonipa kilikuwa na mambo mengi kuliko ndoa. Kilikuwa na bapa mbili, mkasi, kizibuo, na ndoana ambayo alisema ni ya kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Nikamwambia atakayekitumia hana farasi. Cha pili kilikuwa kikubwa, cha mpini wa mti, na springi yake ilikuwa kali mno. Nilipokikunja kilijifunga kwa kishindo nusura kinile kidole. Kisu cha kibindoni kisimng'ate mwenyewe. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na sikutaka kuutimiza msemo huo kiunoni kwa shoga yangu.

Cha tatu kilikuwa na mpini wa ganda la chaza, mweupe, mzuri kweli. Mume wangu akakohoa kidogo, na nikajua kimempendeza. Nikaomba maji.

"Maji ya kunywa, Bi?" mwenye duka akauliza.

"Ya kutia mkono."

Akaleta kopo la maji huku anamtazama mume wangu. Nikalowesha vidole, nikakishika kile kisu cha chaza, kikateleza kama sabuni. Ukindu huchanwa ukiwa na unyevu, na mkono wa msukaji ni mkono wa maji saa zote. Kisu kinachopendeza kwenye mkono mkavu ni kisu cha kutazama.

Cha nne kilikuwa nyuma ya kufuli, hakukusudia hata kunionyesha. Mpini wa pembe ya ng'ombe, rangi ya kahawa, bapa moja tu, mgongo ulionyooka, ncha nyembamba. Nikakitia ukucha kwenye mfuo wa kufungulia, kikafunguka kwa kunitii, wala hakikulegea. Mkono wa maji haukuteleza. Mume wangu, ambaye kazini alikuwa na kisu chake cha kukatia nyuzi za magunia, akainama, akasema maneno yake pekee ya siku ile: "Angalia kiungo. Kikicheza hapo, ni jino bovu." Nikalishika bapa kwa vidole viwili, nikalitikisa huku na huku. Halikucheza. Nikatoa ukindu niliokwenda nao kibindoni, nikachana jani moja mbele ya mwenye duka, chane nne, kila moja sawa na mwenzake. Akazitazama, akaacha kunicheka.

"Cha bwana?" akauliza.

"Cha shoga yangu."

Uso wake ukabadilika. "Bi, shoga mpe udi. Mpe hina. Kisu kinakata."

"Ndivyo nitakavyo," nikamwambia. "Kikate."

Nilijiona mwerevu. Mpaka leo, nikipita kichochoro kile, nalikumbuka jibu langu na naona haya.

Niliazimia kumpa mwenyewe siku atakayokuja. Lakini uchungu ulinishika kabla ya siku zake, nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nikaingia arobaini. Mzazi wa siku zile hakuvuka kizingiti siku arobaini, na wiki ile ya kwanza hata ngazi sikushuka. Shoga yangu alikuwa kaskazini kwa nduguze, hajui. Aliporudi Ng'ambo akasikia, kabla ya kuja mwenyewe, akanitangulizia mtita wa ukindu, mweupe ajabu, na salamu kuwa huo ni wa mkeka wa mtoto, nisiuguse, atakuja kuusuka yeye siku ya saba.

Sikuweza kungoja. Kijembe kilikuwa chini ya mto wangu kikinichoma moyo. Nikasema, akikipata leo, siku ya saba atakuja nacho, tutachana nacho pamoja. Na nikaona jambo la kupendeza zaidi. Nikachomoa majani kadhaa kutoka kwenye mtita wake, marefu kuliko yote, nikayachana kwa kile kijembe nikiwa kitandani, chane nyembamba kuliko zote nilizowahi kuzichana maishani, ili mwenyewe aone makali yake yanavyokwenda. Kisha nikakifunga kijembe katikati ya chane hizo, nikazizungusha, nikafunga fundo. Ungeona, ungedhani ni kifungu cha ukindu tu.

Wa kumpelekea alikuwa bibi mmoja muuza mikate ya ufuta, aliyekuwa akivuka kwenda Ng'ambo kila asubuhi na sinia kichwani. Mwaminifu, lakini mtu wa miko kupita kiasi. Chumvi hakuichukua mkononi, sindano hakuitaja jina jua likishatua, na ufagio ukimgusa mguu alirudi nyumbani. Nikamwambia ndani ya kifungu kile mna kijembe cha shoga yangu, amfikishie, na amwambie ni kutoka kwangu. Alikiweka pembeni mwa sinia kwa ncha za vidole.

Alirudi kabla ya adhuhuri.

"Umempa?"

"Kapata."

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Mwambie kimefika.'"

Nikacheka peke yangu, nikamnyonyesha mtoto.

Siku ya saba ikafika. Mtoto akanyolewa, wanawake wakaja, wakala, wakaimba, wakaondoka. Hakuja. Nikasema labda anaumwa. Siku ya kumi na tano hakuja. Siku ya arobaini nilitoka, nikavaa nguo mpya, nikampaka mtoto wanja, nikakaa ukumbini pale penye ubaridi tangu asubuhi mpaka alasiri. Gunia nililitandika mwenyewe.

Kesho yake nikamwuliza muuza mikate. Akazungukazunguka, akasema yeye mjumbe tu, mwisho akatoa alichokificha siku ile: "Kasema, kijembe chako kaa nacho mwenyewe. Yeye ni mtu wa Tumbatu, lakini si wa kufanyiwa hivyo."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na mimi sikuliona. Nilichokisikia ni kwamba amekidharau kisu changu. Nimebeba tumbo la miezi minane mpaka dukani, nimekodolewa macho na Muhindi, nimekichagua kimoja katika vinne, naye anasema nikae nacho! Tena hata kukirudisha hakukirudisha. Nikajiambia, kumbe muda wote ule alipokuwa akisema "chuma tu hicho", alikuwa ameniwekea kinyongo. Na sasa kisu cha Muhindi hakifikii cha kaka yake wa Adeni. Mtu mwenye akili angevuka daraja akauliza. Mimi nilikuwa na ulimi, sikuwa na akili. Nikamwambia muuza mikate maneno ambayo sitayaandika, na nikahakikisha ameyasikia vizuri ili ayafikishe.

Yakafika, bila shaka. Maneno mabaya hayapotei njiani.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Niliendelea kusuka, kwa ukindu wa kununua sokoni, uliokuwa na madoa. Mjini zikaja taa za umeme, gari la moshi likaanza kupiga kelele kwenda Bububu, watoto wakawa wanalikimbilia, na kila jambo jipya lililotokea nilitaka kumwambia mtu mmoja tu na mtu huyo sikuwa naye. Mara moja nilimwona Darajani, miaka minne au mitano baadaye. Alikuwa anatembea kwa uangalifu, anapapasa ukuta. Nilimshika binti yangu mkono, nikasimama. Alipita karibu yangu hivi, akaniangalia usoni, akaendelea. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, maana nilidhani ameniona.

Mwaka ambao binti yangu alikuwa anakaribia kuhitimu Kurani chuoni, asubuhi moja, niko juu nakunja nguo, nikasikia hodi. Binti akashuka kufungua. Nikamsikia akisema shikamoo, na sauti ikajibu marahaba, na mikono yangu ikaacha kukunja. Binti akapanda ngazi.

"Mama, kuna bibi mmoja kaja. Kaletwa na mwanamke, huyo aliyemleta kenda zake sokoni. Bibi haoni vizuri. Anasema kakuletea kijembe."

Binti hakumjua shoga yangu. Mtoto ambaye mkeka wake ulikuwa usukwe siku ya saba alikuwa hamjui hata kwa sura. Lakini nakiri kuwa hilo nililiwaza baadaye. Wakati ule neno kijembe liliniingia vibaya, nikashuka zile ngazi na jibu liko mdomoni, limenolewa miaka tisa.

Alikuwa amekaa kwenye gunia. Hakukaa kwenye kiti, wala barazani. Alikaa chini kwenye gunia langu, mahali pake. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, yote mawili. Mbele yake, sakafuni, palikuwa na chane za ukindu zilizokuwa nyeusi kwa moshi, na juu yake kijembe cha mpini wa pembe, kimekunjwa.

"Ni weye?" akauliza, maana alisikia hatua zangu tu.

"Ni miye."

"Kaa, shoga. N'na maneno."

Nikakaa. Jibu langu nililolinoa sijui lilikwenda wapi.

Akanieleza. Bibi muuza mikate alifika kwake siku ile, akasimama mlangoni. Kwa miko yake hakutaka kumpa mtu kisu mkononi, wala hakutaka kukitaja kisu kwa jina lake kamili asubuhi ile kabla hajauza. Akaweka kifungu kizingitini, akasema, "Shoga yako kakuletea kijembe. Miye mjumbe tu, mkononi sikitii." Akageuka aende zake na mikate yake.

"Nikatazama chini," shoga yangu akasema, "nikaona ukindu. Ukindu wangu mwenyewe. Ule wa mtoto. Umechanwachanwa, umerudishwa. Na naambiwa ni kijembe. Ungelikuwa weye ungelifahamu vipi?"

Ningelifahamu vilevile, na ningelivuka daraja kwenda kugombana.

"Nikasema, mtoto wa mwenye shamba kapata mwana, sasa ukindu wa Mtumbatu hautaki. Nikamwambia yule bibi, mwambie kimefika. Nikautupa juu ya uchaga wa jikoni. Sikuufungua. Niliapa sitaufungua."

"Na miye nikadhani umekidharau kisu."

"Kisu gani? Sikujua kama kuna kisu."

Akazipapasa zile chane, moja moja, kama anayehesabu tasbihi. Ukindu haukuwa umeoza. Moshi wa miaka tisa ulikuwa umeukausha, na kijembe kilikuwa hakina hata doa la kutu.

"Juzi ukindu ulin'ishia," akasema. "Macho hayaoni, lakini mikono haijakubali. Nikamwambia mpwa wangu atizame uchagani, akan'shushia hicho. Nikasema, miaka yote hii, kitan'fanya nini. Nikazishika chane. Shoga, hazikuwa na mwiba hata mmoja. Zote upana mmoja. Nikasema, mtu hachani hivi kwa kumtukana mwenziwe. Nikatia mkono kati, nikakutana na pembe."

Nililia. Sikulia vizuri, kwa adabu, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Binti yangu alikuja mbio, nikamwambia aende akatie maji kwenye bakuli. Shoga yangu hakulia. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na yeye alikuwa ameviua vyote viwili, sasa kimoja kimerudi.

Maji yakaletwa, tukaloweka zile chane. Ukindu hausahau kazi yake. Baada ya muda ukalainika, ukarudi kuwa ukindu, mweusi lakini mwema. Binti akakaa kututazama. Shoga yangu akamgusa nywele, bega, urefu wa mkono, akapima kwa kiganja kama anavyopimwa mtu wa kutandikiwa.

"Mkeka wa mtoto haumtoshi tena huyu," akasema.

"Hautoshi."

"Basi tutausuka mkubwa."

Akanyoosha mkono kukiokota kijembe. Nilikuwa nimekisogeza wakati wa kutoa chane. Mkono wake ukapita kushoto kwake, ukapapasa gunia, ukarudi, ukapita tena. Nilimtazama akipapasa, nikaikumbuka mila. Miaka yote nilikuwa naokota, naweka, naokota. Kisu hakipewi mtu mkononi, hukata udugu. Mkono wake ulikuwa unaitafuta sakafu yangu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nikakichukua kijembe, nikaushika mkono wake, nikakitia kiganjani mwake, nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

Alishtuka kidogo. "Shoga, mkono kwa mkono?"

"Kwani kitakata nini tena? Cha kukatwa kilishakatwa."

Akakaa nacho, akakipima uzito. Akatafuta mfuo kwa ukucha, akakifungua, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, mara moja, halafu mara ya pili, kama alivyofanya siku ile ya kopo la rangi. Ncha ilikuwapo.

"Haya," akasema, "kimefika."